Ushuhuda wa Mapema wa Dada Ozella Bazemore

Mchungaji Speller, mashemasi, akina mama wa nguo nyeupe, wanakwaya, jamaa mliotoka Norfolk na Baltimore mkaendesha magari tangu alfajiri, na nyinyi majirani wa Cutler Branch ambao mmekuja kwa miguu na bado mmechelewa, mimi ni Linwood Outlaw, mdogo wake marehemu, na familia imenisimamisha hapa kusoma maisha yake, si kwa sababu nasoma vizuri, bali kwa sababu wenzangu wote wakijaribu wanalia wakanyamaza, mimi nikilia angalau huwa naendelea kusoma.

Marehemu aliacha agizo moja kuhusu maneno haya, kwamba nisithubutu kusema amefariki "baada ya kuugua kwa muda", kama tulivyozoea kusema humu tangu enzi za babu zetu huku tumeinamisha vichwa, kwa hiyo nalitaja jina mchana kweupe: Dada yetu alikuwa na saratani ya titi. Tena nimesikia kule kwenye ukumbi wa chakula watu wakinong'ona kwamba kisu cha daktari ndicho kilichomuua, na kabla hamjatoka humu nataka neno hilo liwe limekufa na kuzikwa, maana wapo wanawake wamekaa kwenye viti hivi leo ambao wakiliamini watakwenda nalo kaburini.

Marehemu Ozella Mae Bazemore alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya ghala la karanga hapa Cutler Branch, wilaya ya Bertie, jimbo la North Carolina, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa marehemu Mzee Haywood Outlaw na marehemu Mama Bessie Outlaw, wa kwanza akiwa kaka yetu Amos, naye ametangulia, na kitinda mimba mimi. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa na neno la kusema, na tangu hapo sikumbuki mtu aliyewahi kumaliza maelezo yake mbele ya Ozella.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya watoto weusi ya vyumba viwili iliyokuwa njia ya mtoni, akaendelea na sekondari mjini Windsor hadi alipohitimu Mei 1964, akiwa hakosi darasani isipokuwa msimu wa tumbaku, wakati sisi sote tulipokuwa ghalani tukifunga majani kwenye vijiti, kazi iliyomwachia vidole vyepesi, na chuki ya kudumu kwa mtu yeyote anayevuta sigara karibu na nguo zilizoanikwa. Mumewe Roscoe alijua hilo vizuri, Mungu amrehemu.

Tarehe 12 Juni 1967 mama yetu Bessie alipasuliwa tumbo hospitalini, daktari akatazama ndani, akashona palepale, na tarehe 20 Julai tukamzika. Nalisoma hili ingawa ni historia ya mtu mwingine, kwa sababu siku ile makaburini shangazi yetu alisema kwa sauti, "Hewa imeingia, wangemwacha amefungwa angeishi," nasi watoto wote watatu tukaitikia kwa vichwa, na kuanzia hapo likawa neno la nyumba yetu, kama lilivyo neno la nyumba nyingi mlikotoka nyinyi, kwamba ugonjwa ule ukifunguliwa kwa kisu ukapata hewa, unatawanyika mwilini kama moto kwenye nyasi kavu. Msitazamane. Mnalijua neno hilo kama ninavyolijua mimi.

Tarehe 22 Juni 1968 marehemu alifunga ndoa humu humu kanisani Sweet Gum na Bwana Roscoe Bazemore, dereva wa malori ya magogo, mtu mpole aliyesema maneno machache kwa sababu hakupewa nafasi, wakajaliwa watoto wawili, Delphine mwaka 1970 na Curtis mwaka 1974, wakaishi kwa kuheshimiana na kutaniana hadi Roscoe alipofariki tarehe 5 Novemba 2003. Kuanzia Septemba 1971 hadi Juni 2008 marehemu alifanya kazi jikoni katika shule ya msingi, na nusu ya watu walio humu, wenye mvi na wasio na mvi, walilelewa kwa mikate yake ya siagi, wakakaripiwa naye kwa kuacha maharage kwenye sahani, na mkisema hamkukaripiwa, basi mlikuwa hamwendi shule.

Sasa nafika kwenye maradhi. Machi 2009, miezi michache baada ya kustaafu, marehemu alipokuwa akioga aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, akanyamaza, akawa analala na kitambaa cha mafuta ya mbarika kifuani, mpaka Delphine alipokuja likizo ya Pasaka akaona madoa kwenye shuka, akamtia mama yake garini kwa nguvu akampeleka mjini. Wakamchoma sindano, wakachukua kipande kidogo cha uvimbe, wakapima, na Daktari Pruitt, kijana mweupe ambaye masikio yake huwa mekundu akiwa na habari mbaya, akamwambia ni saratani, haijaenda mbali, inafaa kutolewa mapema, na kwamba angependa kumpasua mwanzoni mwa Juni. Dada akasimama, akachukua mkoba wake, akamwambia, "Mwanangu, mama yangu alipasuliwa Juni, Julai tukamzika. Nashukuru kwa muda wako," akatoka.

Na hapa ndipo Dada yangu alipofanya kosa ambalo mtu wa kabila jingine la Wakristo asingeweza kulifanya hata angejitahidi. Mnajua desturi yetu ya Jumapili ya tatu, mtu husimama akashuhudia, na mnajua tunavyoamini sisi, kwamba kushukuru baada ya kupewa hata wapagani wanaweza, imani ni kushukuru kabla. Basi tarehe 17 Mei 2009 Dada Ozella alisimama katika safu ile ya tatu, kofia ya kijani kichwani, akasema, "Ndugu zangu, shetani aliniwekea uvimbe, mimi sikuupokea, na leo namshukuru Bwana kwa sababu ameniponya." Kinanda kikalia, watu wakapiga makofi, Shemasi Gilliam akakimbia kuzunguka kanisa na goti lake bovu, mimi mwenyewe nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Kanisa zima lilikuwa na furaha, isipokuwa uvimbe haukusikia.

Wapendwa, fikirini alivyobanwa. Uvimbe ulikuwa unakua, naye alishasema mbele ya watu kwamba haupo, na humu kwetu ulichokisema umesimama mbele ya kanisa hakirudishwi kama sahani iliyoazimwa. Delphine alimpigia simu kila jioni akilia, "Mama, rudi kwa daktari," naye anamjibu, "Nirudi nikamfanye Bwana mwongo? Nikamwambie nini, kwamba nilikuwa natania?" Akaanza kuvaa magauni mapana, akawa anapungua, na akina mama wakikutana naye dukani wanampongeza, "Ona mtu aliyeponywa, unang'aa mwenzetu!" naye anawashukuru, anarudi nyumbani, anafunga mlango. Alikuwa anakufa kwa heshima ya ushuhuda wake.

Tarehe 22 Agosti 2009, Jumamosi ya kuandaa chakula cha sikukuu yetu ya kurudi nyumbani, ile ambayo waliohamia mbali hurudi kusali nasi, akina mama walikuwa jikoni hapo nyuma, na mimi nilikuwa nje chini ya dirisha nikikaanga samaki, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo ninayoyasoma hapa sikuhadithiwa. Mle ndani alikuwamo Mama Idell Cherry, ambaye hakuwa amesemeshana na Dada yangu zaidi ya salamu tangu mwaka 1994, kamati ya chakula ilipochagua saladi ya viazi ya Idell ikaacha ya Ozella, na msicheke, kuna nchi zimepigana kwa madogo kuliko hilo. Mama Idell, unaniruhusu? Ameniruhusu.

Dada alijaribu kuinua sufuria la viazi, mkono wa kushoto ukakataa, sufuria likaanguka. Mama Idell akawafukuza wote, "Tokeni, tokeni, hamwoni mnatuzibia hewa?" akafunga mlango, akamgeukia.

"Uvimbe bado upo."

"Mimi nimeponywa, Idell."

"Nimekuuliza uvimbe, sijakuuliza imani. Upo haupo?"

Dada yangu hakujibu, na mnajua kwamba Ozella asipojibu, jibu limepatikana. Nikasikia vifungo vya nguo vikifunguliwa. Nikatazama samaki wangu, naapa, sikuinua macho, lakini masikio hayana kope. Mama Idell akasema, "Tazama hapa. Tazama vizuri, usigeuze uso. Mwaka tisini na moja, Norfolk, niliwaaga hapa nikasema nakwenda kumwona dada yangu. Walinifungua kutoka huku mpaka huku, hewa ikaingia mpaka ikachoka yenyewe, na mimi ndiye huyu, nina miaka kumi na minane niko hai, tena nakushinda kwa saladi."

"Miaka yote hiyo, kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu mna midomo nyie. Ningesema, mngeanza kunitazama kama maiti inayosubiri gari."

Hapo Dada yangu akaanza kulia, kilio ambacho sikuwa nimekisikia hata Roscoe alipokufa, akasema, "Nimeshashuhudia, Idell. Nimesimama mbele ya watu nikashukuru. Sasa nikienda kukatwa nitasema nini?" Na jibu alilopewa nimelibeba moyoni tangu siku ile, na nimelisema kwa watu wengi bila kutaja jina la mwenyewe. Mama Idell alisema, "Hivi mtu akikuambia ana zawadi yako, ukamshukuru, si unanyoosha mikono uichukue? Wewe umeshukuru, halafu umeficha mikono mgongoni, unamlaumu anayetoa. Umeomba kupona, kupona kuko pale mjini kwa yule mtoto wa masikio mekundu. Nenda kapokee, we mama, usitutie aibu."

Mimi huku nje nimesahau kugeuza, samaki wangu mmoja akaungua. Kisha Dada akapenga kamasi, akasema, "Hii saladi yako imezidi chumvi," na Mama Idell akamjibu, "Umeimwagia machozi, itaachaje kuzidi?" Nikajua kwamba dada yangu huenda akaishi.

Siku iliyofuata, kanisa limejaa mpaka mlangoni, marehemu aliomba nafasi kwa Mchungaji, akasimama bila kofia, akasema, "Mei niliwaambia nimeponywa. Uvimbe ungalipo. Sikusema uongo, nilishukuru mapema, na sasa nakwenda hospitali kuchukua nilichoshukuru. Nakwenda kupasuliwa, na naogopa, na msinipigie makofi." Hatukupiga. Mpiga kinanda alibaki ameinua mikono hajui aguse wapi. Ndipo Mama Idell akasimama katika nguo zake nyeupe akasema, "Tisini na moja. Titi la kulia. Nitamwendesha mimi." Akaketi. Baada yake akasimama mama mwingine, na mwingine, na binti mmoja wa kwaya ambaye mimi nilidhani alikuwa ameenda Atlanta kusoma, na sisi wengine tukabaki tunatazamana, kumbe miaka yote tumeketi katikati ya watu waliopona, hakuna aliyetuambia.

Marehemu alifanyiwa upasuaji tarehe 14 Oktoba 2009. Kabla hawajampeleka ndani alimwuliza Daktari Pruitt waziwazi, "Hewa ikiingia, je?" na ninamshukuru kijana yule mbele yenu, yumo humu, ameketi nyuma kule, kwa kuwa hakucheka. Alivuta kiti akaketi, akamwambia, "Mama, zamani watu wenu waliletwa kwetu wamechelewa, wengine kwa sababu walikatazwa kupita mlango wa mbele. Tulipowafungua, ugonjwa ulikuwa umeshaenea, hapakuwa na la kufanya, tukawafunga. Hewa haikufanya kitu. Tulikuta umeshafika." Dada akafikiri, akasema, "Basi si kisu kilichomuua mama yangu." Daktari akasema, "Si kisu." Dada akamwambia aombe naye, daktari akakiri kwamba si mtu wa kuomba sana lakini atanyamaza yeye aombe, na Dada akamwambia, "Basi nyamaza vizuri."

Akatundikiwa dawa kali za saratani kwenye mishipa, nywele zikatoka, akapigwa mionzi, akatapika, akaikasirikia kila sahani niliyompelekea, na Juni 2010 wakamwambia hawaoni kitu. Kuanzia hapo aliishi. Alimwona Curtis akioa, akawabeba wajukuu, akaona ziwa kubwa la kaskazini alilokuwa akiliona kwenye kalenda, akajifunza kuogelea akiwa na miaka sabini, jambo lililotutia sote hofu kuliko upasuaji, na kila mwanamke aliyekutana naye, awe kwenye foleni ya duka au kwenye msiba, hakumsalimu tena kwa "hujambo", alimsalimu kwa "umepimwa?" Ukisema bado, alikuwa anakuja na gari lake yeye na Idell, wameketi mbele wanabishana, wewe nyuma kama mfungwa. Akina mama mliopandishwa gari lile mnajijua, na mpo hai.

Septemba 2021 maumivu ya nyonga yalionyesha kwamba saratani imerudi kwenye mifupa. Watu wakaanza, "Si mmeona, ile hewa," naye alipowasikia alisema, "Hewa gani hiyo inayochukua miaka kumi na miwili kushuka kutoka kifuani mpaka kiunoni? Ilikuwa inapumzika wapi njiani?" Akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, na Desemba iliyopita akaamua mwenyewe kwamba dawa basi, akaomba alale chumbani kwake, wauguzi wa nyumbani wamtulize maumivu tu. Wako waliosema imani imempungua. Mimi nilikuwa namlisha uji nilipomwuliza, akasema, "Linwood, mtu aliyeshiba akisukuma sahani, hajamtukana mpishi." Alifariki Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, Delphine ameshika mkono mmoja, Idell mwingine, jua limeingia chumbani, na hakuhangaika.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, mdogo wake mmoja ambaye ni mimi, na rafiki mmoja ambaye alianza kuwa rafiki akiwa amechelewa lakini akafidia.

Familia inamshukuru Daktari Pruitt na wenzake wote, kwa kisu chao, kwa subira yao, na kwa ile miaka, ambayo tumeichukua yote hatukubakiza. Tunawashukuru wauguzi wa nyumbani, hasa yule aliyekuwa akimpaka mafuta miguuni wakati hakuna aliyemwagiza. Tunawashukuru wenzake wa jikoni shuleni, majirani waliolima bustani yake ili akitazama dirishani aone mboga, si magugu, Mchungaji Speller aliyemtembelea bila kumhubiria, na akina mama wa nguo nyeupe. Tunamshukuru Mungu, ambaye Dada alisema hana haja ya kushindana na madaktari, maana mikono yao nani aliiumba?

Limebaki moja, nalo halimo kwenye karatasi waliyoipitisha watoto wa marehemu. Baba yetu Haywood alikufa kwa saratani ya tezi dume, kaka yetu Amos alikufa kwa hiyo hiyo, na mara zote mbili tulisimama hapa tukasema "baada ya kuugua kwa muda". Novemba iliyopita niliambiwa vipimo vya damu yangu si vizuri, wanataka kuchukua kipande cha tezi wakipime, nikawaambia asanteni, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu. Dada alijua, sijui alijuaje, na wiki mbili kabla hajafa alinishika kola, akaniambia, "Mimi usiniahidi. Mimi nakufa, utanidanganya na hakuna atakayekudai. Liambie kanisa."

Basi naliambia kanisa. Ninaogopa. Nina miaka sabini na minne, nimewasomea haya yote kwa sauti kubwa, na bado ninaiogopa hewa. Jumanne saa mbili asubuhi nakwenda kwa madaktari, wakitaka kupima wapime, wakitaka kukata wakate, na Mama Idell ndiye atakayeendesha, kwa sababu amesema nikiachiwa usukani nitapinda kona ya kwanza nirudi nyumbani. Mmesikia nyote. Nimesimama, nimesema, siwezi kulirudisha.

Umeshinda, Dada. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.